Wifi, Usiniombe Radhi

12 Februari

Wifi Kitana,

Nakusalimu, lakini nusu salamu. Nusu nyingine utaipata siku utakayojifunza kuuliza hali ya mtu kabla hajakuandikia yeye. Huku tupo. Kaka yako hajambo, ananenepa. Tangu mimi mkewe nishindwe kusema, anakula kwa amani, analala kwa amani, na juzi nimemsikia anapiga mluzi bafuni. Ndoa yote hii sikujua kuwa anajua kupiga mluzi. Binti yetu anakusalimu, anataka yale mafuta ya nywele ya kopo la kijani, ya bure kama kawaida yake. Mama mkwe mpe shikamoo zangu, na umwambie, kwa sauti ya juu, sikio la kulia, kwamba sing'olewi meno. Ni kansa ya koo. Ukichoka kumweleza, basi mwache na meno yake.

Sasa jambo lenyewe. Kila siku ya kazi napelekwa chumba cha mionzi. Wananilaza kwenye meza ngumu, wananivika barakoa ya plastiki yenye matundu, iliyofinyangwa kwa sura yangu hii hii, halafu wanaibana mezani ili nisitikisike. Mimi! Mimi niliyepiga mnada wa makabati, majokofu, na lile jeneza lililorudishwa dukani, leo nabanwa uso nisiseme. Ungelikuwepo ungeomba kiti ukae utazame vizuri. Wakishanibana, wote wanatoka mbio, wanafunga mlango mzito, na mashine inanizunguka huku inakoroma kama kaka yako. Pale pale haiumi. Inauma baadaye, nyumbani, nikitaka kumeza.

Mdomo umechubuka wote kwa ndani. Ulimi, mashavu, fizi, mpaka kule nyuma nisikokuona. Mate yamekuwa gundi. Yule nesi mwembamba anayetembea kama anakimbizwa aliniambia, "Mama, uwe unasukutua kwa maji ya chumvi na soda, mara kwa mara." Nikaitikia kwa kichwa. Nikarudi nyumbani nikamtuma kaka yako dukani. Akauliza soda gani. Nikamwandikia: YOYOTE, IWE BARIDI. Akaleta ya chungwa. Nikatia vijiko viwili vya chumvi, nikapiga funda moja kubwa.

Wifi, kile kitu kilifura! Kilijaa mdomoni, kikapanda, kikatokea puani, kikamwagikia mashati ya kaka yako niliyokuwa nimetoka kuyapiga pasi. Nililia kwa jicho moja, la pili lilikuwa limejaa soda. Kesho yake nikamwandikia nesi kwamba dawa yake ni ya kishetani. Alisoma, akaenda kuegemea ukuta kwa kucheka. Kumbe alimaanisha magadi, yale meupe ya kuokea mikate! Sasa si angesema magadi?

Najua unajiuliza kwa nini nakuandikia barua kama watu wa zamani. Kuongea na simu siwezi. Ujumbe wa simu nimejaribu, ila simu yenyewe inajifanya mwalimu wa adabu. Jana nimekuandikia "mshenzi" ikataka kupeleka "mshenga". Nikaona heri kalamu, haina unafiki.

Hapo saluni kwako kila mteja ni daktari. Waulize ni majani gani yanatuliza mdomo. Ukipata, tuma kwa basi. Usipopata, endelea kuunguza watu vichwa.

Ni mimi, mke wa kaka yako kwa bahati yako mbaya,
Nyundo


17 Februari

Nyundo usiye na mpini,

Barua yako nimeisoma kwa sauti saluni nzima. Mteja aliyekuwa chini ya draya alicheka mpaka akaunguza sikio, sasa anataka nimsuke bure, nawe ndiwe uliyesababisha. Huku kwema. Mama hajambo. Nimempigia kelele sikioni kwamba ni koo, siyo jino. Akafikiri, akasema, "Wangeanza na ulimi." Nimekufikishia kama alivyosema, sijapunguza wala sijatia chumvi. Wewe chumvi unayo ya kutosha.

Kuhusu dawa. Loo, nimejuta kuuliza. Mke wa fundi bomba anasema majani ya mpera: chemsha, chuja, acha yapoe kabisa, sukutua. Mwalimu wa hesabu anasema asali mbichi, upake taratibu na uiache ikae. Yule mama wa mitumba anasema tangawizi na pilipili manga, kwa sababu zinaua kila kitu. Nikamwambia mama, hatutaki kuua kila kitu, tunataka abaki wifi kidogo wa kugombana naye. Mwingine kasema mshubiri, mwingine karafuu, na mmoja, ambaye nilikuwa namwosha nywele, kasema nikutemee mate ya asubuhi. Huyo nilimwacha na povu machoni muda mrefu kuliko inavyotakiwa.

Ndani ya kifurushi kuna chupa ya asali, majani ya mpera nimeyafunga kwenye gazeti, na jani moja la mshubiri. Karafuu nimetia kwa hiari yangu. Usitumie hata kimoja kabla hujamwonyesha yule nesi wako. Ukiunguza koo nitaambiwa mimi, na kwenye ukoo huu mimi ndiye nabebeshwa kila kitu tangu utotoni.

Sikupendi, hilo unalijua. Lakini nyumba ya kaka yangu bila kelele zako itageuka ghala la viazi. Pona upesi.

Kitana


24 Februari

Wifi uliyejaa fitina,

Mwambie mama mkwe nimesikia, na namheshimu sana, na nikipona nitakuja kumjibu ana kwa ana. Kaka yako amekonda kidogo, nafurahi. Binti amepata mafuta, hajasema ahsante, katoka kwenu.

Vifurushi nilivipeleka kwa nesi kama ulivyoniamuru. Alivikagua kama afisa wa forodha. Asali, ruhusa, ila nisafishe mdomo baadaye. Majani ya mpera, ruhusa, yakiwa yamepoa. Mshubiri alisita, akamwita daktari, daktari naye akajikuna kichwa akasema hana uhakika nao, tuuache. Karafuu alininyang'anya. Amechelewa, nilikuwa nimeshatafuna moja nyumbani. Wifi, niliwaona marehemu wote wa upande wetu wamejipanga wananipungia mkono, na shangazi yangu aliyenichukia kuliko wote yuko mbele.

Lakini maji ya mpera nayasifu. Nikisukutua napata kama nusu saa ya ahueni, na hiyo nusu saa naunywa uji wote mpaka chini ya kikombe. Usicheke. Zamani nilikuwa nakula huku napigana na watu, leo nausubiri uji kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Asali nayo ni nzuri, tatizo kaka yako ameigundua. Anaipaka kwenye mkate akidhani sioni. Nimeficha chupa ndani ya buti la mvua.

Daktari amenikalisha akaniambia neno moja nikalishika. Nisikose siku. Uchungu utazidi kabla haujapungua, lakini nikikatiza mionzi, kile kivimbe kinapata upenyo wa kukua tena, na safari ya pili huwa ngumu kuliko ya kwanza. Tayari mashine yao iliharibika wiki nzima tukarudishwa nyumbani, kwa hiyo tarehe ya kumaliza imesogea. Na nikikonda zaidi ya hapa watanipitishia mpira wa chakula puani. Nimewaambia wakijaribu nitawauma. Hawaogopi, wameshayaona meno yangu.

Kazini mnada umekabidhiwa mwanamume mmoja mwenye sauti ya mbuzi aliyefungiwa chooni. Juzi ameuza seti nzima ya makochi watu wakiwa bado wanamuuliza anauza nini. Namsikia kwa mbali nikipita na kaka yako kwenda hospitali. Hilo linaniuma kuliko koo, ila sitalizungumza tena.

Leta majani mengine. Haya yanaisha.

Nyundo


27 Februari

Nyundo,

Naandika mbio mbio, mkono mmoja una povu. Salamu zote unazozijua, zipokee kwa mkupuo. Mama kapoteza miwani, tumeikuta kwenye sufuria ya maharage, imeiva.

Nimeona tabu ya kuchemsha na kuchuja itakushinda, mvivu wewe tangu unaolewa. Basi nimeyakausha majani ya mpera juani, nikayatwanga, nikayachekecha na kitambaa mpaka yakawa unga laini. Sikuuliza mtu, ni ubunifu wangu mwenyewe. Koroga kijiko kwenye maji ya uvuguvugu, acha yapoe, sukutua. Kwa mara ya kwanza utakuwa na kitu nyumbani kwako kilichosagwa vizuri.

Mteja ananivuta gauni. Kwaheri.

Kitana


4 Machi

Kitana, Kitana, Kitana,

Sote wazima isipokuwa mimi, na mimi nilikuwa nusu mzima mpaka kifurushi chako kilipofika.

Nikukumbushe jambo dogo la mwili wa binadamu, maana nadhani hamkufundishwa kwenye ususi. Mvi huota kichwani. Huota kwenye ndevu. Wengine huwaota kifuani. Wifi, ulimi wangu hauna mvi! Umenitumia hina! Hina ya mteja wako, ile ya kupaka nywele! Nimekoroga kijiko, nikasukutua vizuri kwa utii, nikatema, nikajitazama kwenye kioo. Mdomo wa rangi ya chungwa mpaka kwenye midomo ya nje. Kaka yako alitazama mara moja akakaa chini bila kutafuta kiti.

Kwa hiyo mahali fulani huko kuna mwanamke amepakwa unga wa mpera kichwani, anasubiri mvi zigeuke. Mpe pole zangu, na mwambie kama ana vidonda kichwani vitapona.

Hospitalini wamenishangaa kama sinema. Nesi aliniuliza, "Mama, umekula nini?" Nikamwandikia: mapenzi ya mawifi. Ametoa amri kwamba kifurushi chochote kutoka kwako kifunguliwe mbele yake. Kiliwasha kidogo tu. Tumesafisha na ile ya magadi, imetulia.

Usinitumie kitu kwa sasa. Andika tu, nipate wa kumtukana.

Nyundo mwenye ulimi wa rangi


7 Machi

Kwako wifi yangu mpenzi,

Ninatumaini barua hii itakukuta ukiwa na nafuu. Mama anakusalimu sana na anakuombea. Sote hapa tunakukumbuka na kukuwazia kila siku.

Wifi yangu, nimezungumza na kaka kwa simu. Ameniambia yote. Sikujua kwamba hali imefikia hapo, na wewe kwa ushujaa wako umeficha na kutuchekesha tu. Nimelia sana.

Nakuomba radhi. Nakuomba radhi kwa yale ya sasa na ya zamani, na kwa maneno yote makali niliyokutamkia tangu siku ya kwanza ulipoingia katika familia yetu. Umekuwa mke mwema kwa kaka yangu, na kwangu umekuwa zaidi ya dada. Pengine sikuwahi kukuambia, na sasa naona niliahirisha mno.

Usijisumbue kunijibu. Pumzika. Chochote utakachohitaji, niambie, nitakifanya.

Wifi yako akupendaye


19 Machi

Kwako wifi yangu,

Nakusalimu kwa heshima. Msalimie mama mkwe, mwambie nashukuru kwa kunilea kama mwanawe. Binti hajambo. Kaka yako hajambo, anasema kidogo kuliko kawaida yake.

Barua yako ilikaa kwenye ofisi ya vifurushi siku nyingi, hatukujua, kwa kuwa safari hii ilikuja bila mzigo. Nimeisoma mara nyingi sana. Nakushukuru kwa kuniambia kwa upole. Kaka yako hakuweza, simlaumu, na madaktari wana lugha yao ya kumzungusha mtu. Wewe umesema, na nimeelewa.

Kwa hiyo nimeacha kwenda kwenye mionzi. Tangu niipate barua yako sijakanyaga pale. Kama mambo yako kama yalivyo, sioni haja ya kubanwa uso na kuchomwa mdomo siku zilizobaki. Napenda nimalizie nikiwa naweza kunywa chai. Kaka yako amenisihi, nikamwonyesha mkono anyamaze.

Nina maombi machache. Nyundo yangu ya mnada ichukue wewe, usiwape wale wa kazini. Masufuria makubwa yawe yako pia. Binti mwangalie, ana kiburi lakini ana moyo. Na kaka yako usimwache ajilie mkate na asali peke yake.

Nisamehe nilipokukosea. Nilikukosea mara nyingi, mara nyingine kwa makusudi. Ulikuwa wifi mzuri.

Wako


22 Machi, alasiri
Nje ya mlango wa chumba chako, juu ya ndoo

Nyundo!

Fungua huu mlango kabla sijauvunja na huyu kaka yangu aliyesimama hapa kama nguzo ya umeme. Nimepanda basi la alfajiri. Nimemwacha mteja kichwa nusu kimesukwa, nusu kimefumka kama kichaka, na ananitafuta mji mzima. Nimefika, wewe umejifungia na kufungulia redio mpaka mwisho, natangaziwa bei ya mbolea! Haya, kama husikii kwa masikio utasikia kwa macho. Natelezesha hii chini ya mlango. Soma.

"Ameniambia yote" ni yote gani? Ni ya hina, mwanamke wewe! Ameniambia kwamba ile hina haikuwasha "kidogo tu". Kwamba ulitoka damu. Kwamba siku mbili hukumeza hata maji. Kwamba ulilia, wewe, na ukamkataza asiniambie. Hayo ndiyo yote. Hakuna daktari aliyeniambia chochote. Daktari wako hanijui, na angenijua angenikwepa.

Nani kakuambia unakufa?

Kitana


Kutoka ndani

Wewe. Wewe ndiye uliyeniambia.

Huombi radhi wewe. Ulinimwagia chai kwenye gauni la harusi ukasema gauni ndilo lililokuwa njiani. Ulisahau kuniamsha siku ya safari, ukasema basi ndilo lililowahi. Leo unaniita mpenzi? Unaniita mke mwema? Nikasoma ile barua nikasema basi, wameshaambiwa, wamekaa kikao, wamenigawia na maneno ya msibani kabisa. Usinidanganye ili nifungue mlango.


Kutoka nje, bado kwenye ndoo

Nilikuomba radhi kwa sababu nilikutia hina kwenye vidonda! Nilijua nimekuumiza, nikaona haya. Nilianza na tusi, la zuri kabisa, linalohusu pua yako. Nikalifuta. Nikasema leo niwe mtu mzima mwenye adabu. Mara moja tu maishani nimekuwa na adabu, na tazama ilivyotuponza!

Ile barua yako ya majuzi nayo, "nakusalimu kwa heshima", heshima! Niliposoma hilo neno rola zilinidondoka mkononi. Sikuhitaji kufika mwisho. Nilijua umeacha.

Kaka amempigia nesi sasa hivi mbele yangu, na amezungumza sentensi tatu kamili, ujue hali ni mbaya. Nesi anasema kivimbe kilikuwa kinanywea, na walikuwa wanakutafuta. Nafasi yako ya kesho asubuhi ipo. Zile ulizokosa watazifidia mwishoni, lakini ukizidisha kukaa, hawana ahadi.

Naogopa, Nyundo. Nyundo yako ya mnada siitaki. Masufuria yako siyataki, mabovu. Nakutaka wewe.


Kutoka ndani

Naapa sasa nitasema kweli, maana umesafiri.

Siyo barua yako peke yake. Barua ilinipa sababu, nikaidaka. Wifi, mdomo unauma. Hamjui. Nikiamka ulimi umegandia juu, naubandua kwa maji. Nikikumbuka ile barakoa natetemeka mpaka meza inatikisika, wanasema "tulia mama", natuliaje? Nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia imetosha. Wewe ukaja na "pumzika". Nikasema ndiyo, nimeruhusiwa.

Sina nguvu ya kurudi pale.


Kutoka nje

Kumbe.

Haya, nijibu hili moja. Nesi akikuuliza inauma kiasi gani, unamwandikia nini?


Kutoka ndani

"Kidogo tu."


Kutoka nje

Ndiyo maana! Mwanamke anayepiga kelele mitaa minne kuuza kiti cha miguu mitatu, akiumwa yeye anasema kidogo tu! Nao wakakuamini, wakakuacha na maji ya mpera. Mpera ni wa kusindikiza, Nyundo. Haukuumbwa kubeba mzigo huo wote peke yake, wala asali, wala wale madaktari wangu wa kwenye draya. Kaka amemuuliza nesi. Dawa ya maumivu ipo, nzito, ya kumeza kabla ya chakula, tena kuna ya kukutuliza kabla hawajakuvika hiyo barakoa. Hawakukupa kwa sababu hukuumwa kwenye karatasi.

Kesho tunakwenda mimi na wewe. Utaandika inauma kiasi gani, kwa herufi kubwa, nikiwa nakusimamia. Nitakaa mpaka umalize. Saluni nimeshaifunga, mteja wa nusu kichwa atanisamehe au atavaa kilemba.


Kutoka ndani

Masufuria yangu siyo mabovu.


Kutoka nje

Yametoboka mawili, na la tatu halina sikio. Fungua.


Kutoka ndani

Inuka kwenye ndoo basi. Mlango unafungukia huko huko nje, nitakupindua.


11 Juni

Wifi Kitana,

Tangu uondoke nyumba imepata hewa. Kaka yako hajambo. Ameshika mtindo uliomfundisha wa kusema sentensi tatu kwa siku, ya tatu huwa inahusu chakula. Binti anauliza utarudi lini, nimemwambia siku ukifukuzwa huko. Mama mkwe nimeongea naye mwenyewe kwa simu, kwa sauti yangu hii mpya ya kukwaruza. Hakunijua. Akaniuliza wewe ni nani. Nikamwambia ni mkweo, yule wa meno. Akasema, "Ahaa, wamekurudishia ulimi?" Nikasema ndiyo mama, ule ule. Akakata simu.

Jana nilikuwa hospitali. Daktari amechungulia koo kwa ile kamera yake ndogo, akachungulia tena, akamwita mwenzake naye achungulie, mimi nimeachama kama kiboko. Halafu akasema haoni kitu. Kivimbe hakipo. Nikamwambia atafute vizuri, tumekitunza kwa gharama kubwa. Anasema nirudi baada ya miezi mitatu atazame tena, na tena, na tena, miaka mingi. Simwamini bado. Nilifika mpaka kituoni ndipo nikakaa kwenye ukingo wa barabara nikalia mbele za watu, kaka yako amenishikia mkoba. Watu walidhani ananiacha.

Mdomo unarudi polepole. Wiki iliyopita ulimi umeitambua chumvi, jana umetambua ndimu, sukari bado ni mchanga mtupu. Mate ni haba, natembea na chupa ya maji kama mkimbiaji. Sauti ya mnada sijui. Mwenye sauti ya mbuzi bado anayo nyundo ya kazini, lakini niliposimama nyuma ya watu nikasema "mara ya kwanza!" kidogo tu, kwa kujaribu, wateja wote waligeuka, naye akakosea bei. Nimeridhika kwa sasa.

Pale kwenye benchi la mionzi kulikuwa na mama mmoja mgeni, shavu limevimba, ana kopo la majani mapajani. Akaninong'oneza, "Dada, kipi kinasaidia?" Nikamwambia magadi na chumvi, siyo soda ya chupa. Mpera ukipoa. Asali kama mumeo haijui. Na kila kitu kinuswe na nesi kwanza. Kisha nikamshika mkono nikamwambia, wakikuuliza inauma, usiwe na adabu. Piga kelele. Akanitazama akaanza kulia, nami nikakaa naye mpaka wakamwita.

Sasa kuna neno nimekuwa nalizunguka tangu mwanzo wa barua hii. Wiki zile zote ulikuwa unanishikia beseni. Ulinisukutulisha kikombe kwa kikombe, ukanifuta kidevu, ukaniimbia nyimbo mbaya kwa sauti mbaya mlangoni kwa mashine ili nisikie upo. Kila nilipotema ulinitukana, usije ukanitisha kwa upole. Nilikuwa nakuelewa. Sikukujibu kwa sababu mdomo ulikuwa na udhuru. Sasa hauna.

Nakupenda, wifi. Ahsante sana.

Usipande basi. Mimi ni mzima.

Nyundo